Kibuyu cha Mutobe na Mikono ya Papa

Mimi njo niliyetia kasiksi ndani ya kibuyu cha Papa, baba yangu. Ninaandika mapema, kabla mtu mwingine hajaniandikia. Si shetani, si jirani. Mimi, mwanafunzi wa misioni, mwenye kujua Amri Kumi kwa moyo, hata kwa Kifaransa.

Nilishuka kwa jirani yetu mlimaji wa ndizi, yule anayekaa chini ya kilima, nikakuta hayuko. Mtungi wake ulikuwako. Nikachota. Nikarudi nyumbani, nikamwaga nusu ya mutobe wa Papa kwenye majani, nikajazia kasiksi, nikatikisa, nikarudisha mrija mahali pake, nikakaa mlangoni na Zaburi wazi magotini.

Kwa asiyejua kwetu Masisi: mutobe ni maji matamu ya ndizi yaliyokamuliwa leo. Mtoto mchanga anaweza kunywa, na mchungaji pia. Kasiksi ni mutobe huohuo uliotiwa mtama, ukafunikwa, ukalala. Ukiamka, aliyeunywa njo analala. Kanisa letu lina sheria: mutobe unyweke siku ileile uliokamuliwa. Ukivuka usiku, hata kama haujauma ulimi, Mkristo anaupa nguruwe, ao anampa jirani asiye Mkristo.

Papa hakuwahi kulewa maisha yake yote. Alilelewa misioni tangu meno ya kwanza, na ladha ya pombe haijui kabisa. Lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka. Akiilaza magotini, inatulia kama kuku wawili juu ya mayai. Mpe kikombe, mpe kifungo cha shati, mpe kijiko, hapo ngoma inaanza. Maharagwe yaliyotoka kwenye sahani hayakufika yote mdomoni. Mengine yalibaki kwenye ndevu, mengine yalienda kwa mbwa, na yule mbwa alinenepa kuliko sisi.

Kama angekuwa mtu wa kawaida, basi. Lakini Papa alikuwa mzee wa kanisa, na kazi yake siku ya Meza ya Bwana ilikuwa kupitisha sinia ya vikombe vidogo vya mutobe mpya. Vile vikombe vililia tangu benchi la kwanza mpaka la mwisho, kingi-kingi-kingi, na watu walioinamisha vichwa kusali waliinua jicho moja. Kwetu kila mtu anajua mikono inayotetemeka inatoka wapi. Walevi wote wa kilima wanatetemeka asubuhi. Kwa hiyo watu walisema: anakunywa. Anakunywa kwa siri, na anajua kuficha harufu.

Mimi nilikuwa nachoka na ile maneno. Kalasini nilimwigiza Papa akifunga kifungo, wenzangu wakacheka mpaka mwalimu akanipiga, lakini nikitoka nje nilikuwa na hasira juu yao na juu yangu. Siku ile nikasema moyoni: kama wote wanasema anakunywa, basi anywe kweli mara moja, nione tofauti. Njo hesabu niliyopiga. Usinicheke, mimi nimekwisha kujicheka vya kutosha.

Papa alirudi kutoka malishoni na kiu. Akavuta mrija. Akasimama, akaangalia kibuyu.

"Mama, mutobe hii imelala?"

"Nimeikamua leo asubui," Mama akajibu toka jikoni.

"Iko nauma kidogo."

"Ni jua."

Akanywa yote. Kisha akaenda kukamua ng'ombe, na mimi nikamfuata, kwa sababu kazi yangu ni kushika ndama. Nilikuwa ninangojea aanguke. Nilitayarisha cheko langu lote. Kwetu mtu anayekamua hasalimiwi, hasemeshwi, na maziwa yakimwagika hakuna anayecheka. Lakini kwa ile siku nilikuwa tayari kuvunja sheria.

Papa akachuchumaa, akaweka chansi katikati ya magoti. Chansi ni chombo cha mti cha kukamulia, mdomo wake mwembamba, na kila jioni nusu ya maziwa ya Papa ilikuwa inapita pembeni, juu ya viatu, juu ya mguu wa ng'ombe. Akaanza. Shiii, shiii. Maziwa yaliingia moja kwa moja kama uzi ndani ya sindano. Povu likapanda mpaka mdomoni, wala tone halikutoka nje. Papa aliacha, akainua mikono mbele ya uso wake, akaigeuza juu, akaigeuza chini. Ilikuwa imetulia kabisa.

"Mama ya batoto!" akaita. Akavunja sheria yeye mwenyewe. "Kuya uone!"

Mama akaja mbio akifikiri ng'ombe amempiga teke. Akaona chansi imejaa. Akaona mikono. Akakaa chini palepale kwenye samadi na nguo yake safi, akaanza kulia na kucheka. Na mimi nimeshika ndama, cheko langu lote sijui nilipeleke wapi. Nani amesikia mchezo wa namna hii? Unamlewesha mtu, anapona!

Asubuhi mikono ilirudia ngoma yake, tena na kisasi. Papa alivaa shati, akashindwa kifungo, akaenda bila kufunga. Mama alimwangalia mpaka akapotea nyuma ya kilima. Mimi, kichwa cha ng'ombe, nikaona huruma, na huruma yangu ilinipeleka wapi? Kwenye mtungi wa jirani tena. Ilikuwa Jumamosi. Jioni Papa akanywa, akatulia, akakamua, akaimba. Usiku nilimsikia akisali kwa sauti, anamshukuru Mungu kwa mikono.

Kesho yake akaenda kushuhudia.

Nilitaka kumzuia. Naapa. Njiani nilisema, "Papa, ungojee kwanza Jumapili ingine," akanijibu, "Mutoto, muntu akiponeshwa, anangojea nini?" Mikono yake alikuwa ameitia ndani ya mifuko ya koti, kwa sababu ya baridi, ao kwa sababu aliogopa kuiangalia. Sijui mpaka leo.

Alisimama mbele ya kanisa zima. "Bandugu," akasema, "jana magaribi Bwana alinigusa mikono. Muangalie."

Akaitoa mifukoni, akaiinua. Wewe umeona majani ya mgomba upepo wa mvua ukifika? Njo hivyo. Ilitetemeka mpaka viwiko, mpaka mikono ya koti ikapiga kelele. Kisha nyuma, upande wa wanawake, sauti ya mama mmoja: "Eee, amemugusa sana."

Walicheka. Hata mchungaji alishusha uso ndani ya Biblia. Na mimi, mwenye kuchekesha kalasi nzima, sikupata kicheko hata kidogo.

Baada ya ibada, mkubwa wa wazee, mtu mwenye shingo nene na sauti ya kuimba besi, akamwita Papa pembeni. Sisi watoto tulisimama karibu kama kawaida, tunajifanya tunafunga viatu ambavyo hatuna.

"Papa, jana magaribi ulikunywa nini?"

"Mutobe."

"Mutobe ya lini?"

Papa hajui kudanganya. Njo ugonjwa wake wa pili. "Ya ileile siku," akasema. "Lakini ilikuwa imelala kidogo."

"Imelala kidogo!" yule mzee akarudilia, akawaangalia wenzake. "Munasikia? Imelala kidogo."

Wakatoa neno lao: Papa asafishe jina lake mpaka Meza ya Bwana ijayo. Asipolisafisha, litasomwa mbele ya watu wote, atavuliwa uzee, atakaa benchi ya nyuma na walevi na wenye wake wawili. Nilipaswa kusema palepale. Ulimi wangu, ambao kalasini hauna breki, siku ile haukuwaka.

Papa akaamua: kama si pombe, basi dokta aseme ni nini. Tukaanza.

Kwanza dispansari. Infirmier, muuguzi wa pale, akamwangalia kwa mbali, akasema ni minyoo, akampa dawa. Minyoo ikatoka, mikono ikabaki. Tukarudi. Akasema basi ni malaria ya ndani, akampa kinini. Masikio ya Papa yakaanza kulia nzii-nzii. Sasa alikuwa anatetemeka na hasikii. Mara ya tatu infirmier alikasirika, kama vile sisi njo tunakataa kupona. Akasema dokta mwenyewe yuko Walikale, kwenye lopitali ya watu wa madini, tumsumbue yeye.

Papa akaomba ruhusa ya safari kwa chifu, tukapanda kamio, lori iliyokuwa inashusha maharagwe na viazi kwa wachimbaji. Mimi nilienda kwa sababu shule imefunga, na kwa sababu ninajua Kifaransa, ao ninavyosema mimi ninajua. Barabara ile inashuka na kushuka. Tulitoka kwenye baridi yetu na makoti, tukaingia msituni, joto likatukamata shingoni. Papa alikataa kuvua koti. Muntu anaenda kwa dokta, akasema, havuliwe nguo kama mwizi. Tulifika tumelowa kama waliobatizwa.

Dokta alikuwa Mzungu mrefu, mikono ya shati imekunjwa. Hakujua Swahili zaidi ya "kaa" na "vuta pumuzi". Infirmier wake alisimama katikati akitafsiri. Na huyu dokta, ninakubali, aliangalia kweli. Alimwambia Papa alaze mikono magotini, akaiangalia kwa muda: kimya. Akamwambia ainyooshe mbele: ngoma. Akasema jambo kwa infirmier.

"Anasema ile ugonjwa ya bazee inatetemesha mukono ukipumuzika. Yako inatetemeka ukifanya kazi. Haifanane."

Akamshika shingoni kutafuta rovu, ule uvimbe wa koo, kwa maana kwetu mlimani rovu ni nyingi, akamwambia ameze mate. Hakuna. Akauliza kama alifanya kazi ya dhahabu, kwa maana zebaki yake inatetemesha watu. Hapana. Akampa vikombe viwili, kimoja kimejaa maji: mimina huku, rudisha huku. Maji mengi yaliingia ndani ya viatu vya dokta. Akampa kalamu, amwandikie konokono, duara ndani ya duara. Papa njo aliyenifundisha kuandika kabla ya shule, kwa mkaa, juu ya ubao wa mlango. Konokono wake alikuwa kama ameandikwa ndani ya kamio, kwenye mteremko. Papa akaangalia karatasi, akaigeuza uso chini.

"Papa yako aliyekuzaa, alikuwa natetemeka?" infirmier akamuulizia.

"Ndiyo. Na dada yake mukubwa. Sisi tulisemaka ni uzee."

Dokta akaitikia kwa kichwa kama mwindaji anayekaribia mnyama wake. Akauliza tena, na infirmier akatafsiri: "Ukikunywa pombe, inaongezeka ao inapunguka?"

"Sikunywake pombe."

"Hata kidogo? Hata siku moja?"

"Mimi ni muzee wa kanisa," Papa akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kulirudilia neno hilohilo mbele ya kila mlango.

Dokta akapumua. Akasema hiyo ni bahati mbaya, ingemsaidia kujua. Sasa pengine amlaze Papa hapa, amtoboe mgongo na sindano, achukue maji ya uti, ayaangalie. Pale infirmier alipoonyesha urefu wa sindano kwa vidole, ulimi wangu ukawaka.

"Alikunywa," nikasema kwa Kifaransa. "Mara mbili. Hakujua. Ilipunguka kabisa."

Nilisema kwa Kifaransa makusudi, ili Papa asielewe. Lakini infirmier, mtu wa kazi yake, akageuka kwa Papa akatafsiri yote vizuri, neno kwa neno: "Mutoto yako anasema ulikunywa mara mbili, haukujua, na ilipunguka kabisa."

Kule nje kamio ilikuwa inapakuliwa, tukasikia magunia yakianguka. Papa hakuniangalia. Aliangalia mikono yake.

"Mutobe ile iliyolala?"

"Njo ile, Papa."

"Na ya Jumamosi?"

"Na ya Jumamosi."

Dokta alipoelewa, alicheka mpaka akashika meza. Ningependa kusema kwamba ni Mzungu wa kwanza niliyemchekesha, lakini sikufurahi. Akaeleza, tena kwa upole: ugonjwa huu ni wa ukoo, unapita toka mzazi kwenda kwa mtoto kama vile pua inavyopita. Pombe haiuleti. Pombe inaunyamazisha kwa muda, kisha unarudi na hasira. Hauui. Hauoneshi mtu kuwa mwovu. Utaongezeka polepole na miaka.

"Na dawa yake?" Papa akauliza.

Dokta akafungua mikono. Dawa ya kuuondoa, haijulikani. Anaweza kumpa vidonge vidogo vya kutuliza, ajaribu. Na kama kuna kazi ngumu ya mikono, anywe kikombe kidogo cha pombe kabla yake, kidogo tu, itamsaidia.

"Umwambie asante," Papa akasema kwa infirmier. "Ile kikombe, hapana."

Mimi nilitaka kupiga ukuta. Tumemeza dawa ya minyoo, tumemeza kinini, tumeshuka mlima mzima na koti, tumelowesha viatu vya Mzungu, na dunia nzima ya dawa ina kitu kimoja kinachomsaidia, na kitu kile njo wanachomshitakia! Ni nani anayepanga mambo haya? Nikamuuliza Papa kwenye kamio, tunapanda. Hakunijibu. Hakunijibu chochote mpaka nyumbani, na mwenda kwa kamio toka Walikale anajua hiyo ni njia ndefu ya kunyamaziwa.

Vidonge alijaribu. Jioni ya kwanza mikono ilitulia, ni kweli, lakini na Papa mwenyewe alitulia. Aliweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe kama anavyofanya siku zote akikamua, nikasikia shiii, shiii, kisha kimya, kisha mkoromo. Nikaita "Papa! Papa!", ndama akanitoroka, akanyonya yote, na mama yake akaingiza mguu ndani ya chansi. Papa aliendelea kumeza siku chache, akitembea kama mtu aliyeamshwa na wageni. Kisha akafunga vile vidonge ndani ya kitambaa, akavipandisha juu ya paa. "Kuliko nilale kama gunia," akasema, "heri nitetemeke niko macho."

Mama alikuwa amekwisha kujua yote. Papa alimweleza siku tuliyorudi. Nilingojea fimbo, haikuja. Nilingojea matusi, ambayo Mama anayo mengi na mazuri. Hayakuja pia. Alinipa chakula, akachukua sahani. Fimbo mtu anajua itaisha saa ngapi. Kile kimya hakikuwa na mwisho.

Ikafika Meza ya Bwana. Asubuhi, kabla ya ibada, wazee wakakaa, Papa akasimama mbele yao, na mimi nikaitwa. Nikasema yote: mtungi, kibuyu, mrija, dokta. Nilifikiri ukweli ukitoka, kazi imekwisha. Watu wanatudanganya sana kuhusu ukweli.

Mkubwa wa wazee akanisikiliza mpaka mwisho. "Sasa wewe kijana, unasema pombe njo inamuponesha?"

"Haimuponeshe, muzee. Inamutuliza kidogo. Njo dokta alisema."

"Dokta ya Walikale anatuhubiria pombe!" Akageuka kwa wenzake. "Bazee, munasikia Injili mupya?"

Wakaanza kusema wote pamoja. Mmoja alisema mtoto amefundishwa la kusema. Mwingine alisema baba yake Papa alitetemeka kweli, alimwona, lakini yule mzee alikuwa anakunywa! Mwingine akauliza kwa nini dokta hakumpiga sindano. Kila neno langu lilikuwa linaingia kwenye masikio yao likigeuka kuwa kuni za moto uleule.

Papa akainua mkono. Ulitetemeka, wakaunyamazia.

"Bandugu, munisikilize. Hivi munaniona ninatetemeka, njo hivi niko mukavu, sina pombe ndani. Siku mutaona mikono yangu imetulia, ile siku njo muniulize nilikunywa nini."

Hakuna aliyecheka. Mchungaji akasema, taratibu, kwamba yeye ameelewa. Mkubwa wa wazee akakuna shingo yake, akasema pengine naye ameelewa. Wakasali. Jina la Papa halitasomwa. Atabaki mzee. Nikataka kuruka juu.

"Lakini ile sinia," mkubwa wa wazee akaongeza, "tumupe muntu mwingine. Si sababu yako, Papa. Ni sababu ya bantu. Bantu banasema."

Kwa hiyo wameelewa, na wamemnyang'anya. Anieleze mtu aliyesoma kuliko mimi hayo yanaitwa nini.

Ndani ya kanisa Papa aliketi benchi la mbele, mikono magotini, imetulia. Mzee mwingine akapitisha sinia, kimya, kama vile vikombe havikuwamo. Ilipofika kwake, Papa akachukua kimoja na mikono yote miwili. Nusu ilianguka kwenye shati jeupe ambalo Mama alilifunga vifungo asubuhi. Papa akainywa nusu iliyobaki, akarudisha kikombe. Kililia mara moja tu kikigusa sinia, na watu wakainua jicho.

Tulirudi nyumbani, Papa mbele, Mama nyuma yake, mimi nyuma ya Mama. Ng'ombe walikuwa wanalia kutaka kukamuliwa. Papa akaingia ndani kubadili shati, na tulimsikia akihangaika na kifungo, hakumwita mtu. Mama akachukua chansi iliyoning'inia ukutani, akaifuta kwa ndani na majani, akaja nayo mpaka niliposimama, akaniwekea mikononi. Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu Walikale. Akasema:

"Kuanzia leo wewe njo utakamua. Lakini weka chansi chini kwanza, unyooshe mikono mbele, kama Papa yako kwa dokta, nione."